Saa ya uhakika: kazi ya kwanza, uchumba na mpira wa jioni Pasiansi

Mwanza ni mji wa vyuo. Malimbe kuna SAUT, Bugando kuna chuo kikuu cha afya, na hapa Pasiansi kwenyewe kuna taasisi inayofundisha askari wa wanyamapori tangu 1966. Kijana akitoka huko, ndani ya miezi michache anatakiwa awe mfanyakazi wa kutegemewa, mchumba wa kutegemewa, na bado timu yake au kwaya yake inamdai. Majibu haya yanajengwa juu ya hoja moja: kinachoharibu mambo si uchache wa muda bali kutojulikana kwake.

Swali: Mbona chuoni muda ulitosha na sasa hautoshi?

Jibu: Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi saa 9 kwa siku, ndani ya siku zisizozidi sita. Wiki ina saa 168. Toa 45 za kazi na 56 za usingizi, zinabaki 67. Hata ukitoa daladala za asubuhi na jioni kati ya Pasiansi na mjini, kupika na kufua, bado si mtu asiye na muda. Kilichobadilika ni kwamba chuoni ratiba ilibandikwa ubaoni mwanzo wa muhula, na mwenzako aliijua kama wewe. Kazini ripoti inaombwa saa kumi na moja jioni, na kwenye kiwanda cha samaki mzigo ukichelewa kufika, zamu nzima inasogea. Mwenzako anaambiwa “nikitoka nitakupigia”, bila saa. Anayesubiri bila kujua mwisho wa kusubiri huchoka haraka kuliko anayeambiwa mapema kwamba leo hapana. Leslie Perlow na Jessica Porter walilijaribu jambo hili kwa wafanyakazi wa kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group, watu waliozoea kuitwa wakati wowote, na matokeo yakachapishwa 2009. Katika jaribio mojawapo kila mmoja alipewa jioni moja kwa wiki iliyopangwa kabla, isiyo na kazi wala barua pepe. Ni jioni moja tu, lakini walioipata waliridhika zaidi na kazi yao na maisha yao nje ya kazi, na walijiona wakidumu zaidi katika kampuni hiyo. Kazi kwa wateja nayo haikuharibika.

Swali: Hao ni washauri wa Marekani. Mimi nina miezi miwili kazini, nikiomba jioni yangu si nitaonekana mvivu?

Jibu: Hofu hiyo ina msingi. Sheria hiyohiyo haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake, kwa hiyo simshauri mgeni aingie ofisini na kifungu mkononi. Aombe kitu kidogo, na akiombe mapema: Jumatano natoka saa kumi na moja, siku nyingine kukiwa na dharura nipo. Mwajiri anayepewa ratiba inayoeleweka hupanga, anayeshtukizwa hukasirika. Na zaidi ya hapo kuna mipaka ambayo si hisani ya mtu. Saa za ziada ni za makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kila wiki ina mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kijana anayejisifu kwamba yeye hulala ofisini aangalie takwimu za Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani za 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Wapo watakaosema kazi za kanda ya ziwa hazipangiki, kwa sababu zinategemea ziwa. Lakini wavuvi wa dagaa ndio wanaoonyesha kinyume. Wao huvuta dagaa kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na kazi hurudi giza likirudi. Usiku wa giza ni mgumu kupita kazi yoyote ya ofisini, ila familia ya mvuvi inazijua siku za baba kuwa nyumbani kwa kutazama juu tu.

Swali: Si busara basi kukata michezo na burudani kwanza, angalau kwa mwaka mmoja?

Jibu: Hapana, na hapa natofautiana na wazazi wengi. Sabine Sonnentag, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyopona uchovu wa kazi, na jambo linalojirudia katika tafiti zake ni kwamba mwili kutoka ofisini hakutoshi. Akili nayo lazima itoke. Mazoezi ya kwaya au mechi ya jioni huitoa akili kwa nguvu, kwa kuwa huwezi kuimba sauti ya tatu huku unajibu ujumbe wa bosi. Tena mambo hayo yana siku na saa, na kuna watu watakaouliza ulikuwa wapi. Siutetei usiku mzima kwenye kibanda umiza unasubiri mkeka wa kubeti utiki. Huo hauna saa ya kuisha, na unakula fedha ya watu wawili.

Swali: Mwenzangu amepangiwa kazi Geita. Uchumba wa mbali unawezekana?

Jibu: Umbali wenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi kilichowachosha wasafiri wa Geita na Sengerema ni foleni ya kivuko pale Kigongo, ambapo hukujua utavuka saa ngapi. Daraja la Kigongo–Busisi, la takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na sasa safari hiyo inaweza kuahidiwa. Kwa aliye Ukerewe bado ni meli na kivuko, lakini navyo vina ratiba. Kutembeleana mara moja kila wiki mbili, kwa Jumamosi inayojulikana, kunamtuliza mwenzako kuliko “nikipata nafasi nitakuja” ya kila wiki.

Swali: Tukihamia geto moja hapa Pasiansi, si tutamaliza tatizo?

Jibu: Mtaokoa kodi, lakini kulala chumba kimoja na mtu aliyechoka si kuwa naye. Pia mjue mnaingia kwenye nini. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Uamuzi mkubwa kiasi hicho haufai kufanywa kwa ajili ya kubana nauli. Kama ni lazima muanze na kitu, anzeni na karatasi ya mshahara. Mwenye 700,000 anakatwa 70,000 za NSSF, 42,000 za kodi, na kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Zinabaki 483,000. Mwenzi asiyeijua hesabu hiyo anajenga ndoto juu ya laki saba, na kila ukisema huna atahisi fedha imepelekwa kwingine. Mwonyeshe karatasi yenyewe, siyo kumsimulia.

Swali: Na sisi tuliojiajiri, tusio na bosi wala ratiba?

Jibu: Ninyi ndio mnaobanwa zaidi, maana mteja mmoja wa saa tatu usiku huonekana kama riziki yote. Andikeni kwa mwezi mmoja mauzo ya kila saa. Mwenye kibanda cha uwakala au saluni atakuta kuna saa ambazo huingiza kidogo mno. Saa hizo ndizo za kufunga. Saa za kufungua ziandikwe mlangoni kwa rangi. Wateja wanazoea, na mwenzako naye anazisoma.