Kelele Inapogeuka Maumivu: Mgonjwa wa Maumivu Sugu na Mazingira Yake

Mama wa makamo hufika kliniki akilalamikia maumivu ya shingo, mgongo na viungo yaliyomwandama kwa miaka miwili. Vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi kasoro. Anapoinuka kuondoka ndipo anapotamka, kwa haya, kwamba siku hizi mlio wa sufuria humkera, watoto wakicheza huwafokea, na arusini haendi tena kwa sababu ya vipaza sauti. Majirani wanasema amekuwa mkorofi. Maneno hayo ya mlangoni ni nadra kuandikwa kwenye faili, ilhali ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Kwa kawaida, taarifa za maumivu hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, nao ubongo huwa na njia za kuzipunguza makali. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye fibromayalgia, njia hizo hulegea na mfumo wa neva hukuza kila taarifa inayoufikia. Mwaka 2017 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu iliyapa maumivu ya namna hii jina la nosiplastiki, ili kuyatofautisha na yale ya jeraha na yale ya neva iliyoharibika.

Ukuzaji huo hauishii kwenye maumivu. Sauti, mwanga, harufu, hata mshono wa nguo huweza kuzidi kiasi. Kelele ya ghafla huamsha mwili kama mbele ya hatari: moyo hudunda, misuli ya shingo na mabega hukaza, na misuli iliyokaza huuma. Kelele ya usiku hukatiza usingizi, na asiyelala vyema huamka akiwa mwepesi zaidi wa kuumia. Isitoshe, sauti ambayo mtu hana uwezo wa kuizima humtesa kuliko ile aliyoiwasha mwenyewe. Ndiyo maana mgonjwa aweza kufurahia redio yake na kushindwa kuivumilia ya jirani. Huo si unafiki.

Wengi hukimbilia kimya. Kujifungia chumbani na kuziba masikio kutwa huonekana kama nafuu, lakini sikio lililonyimwa sauti huzidi kuwa jepesi, na siku mgonjwa anapotoka, hata mazungumzo ya kawaida humchoma. Vizibo vya masikio vitumike penye kelele kubwa kweli, kama vile karibu na mashine ya kusaga. Kwingineko mgonjwa azoeshwe taratibu: sauti laini nyumbani, kisha sokoni asubuhi kabla watu hawajajaa, akiwa na ruhusa ya kuondoka anapozidiwa. Kutembea kila siku, akianza na dakika chache, na saa za kulala zisizobadilika husaidia. Daktari aweza kuongeza amitriptilini ya dozi ndogo usiku. Diklofenaki ya kila siku, ambayo wengi hujinunulia dukani, haifai kwa maumivu haya, na huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hata hivyo, si kila chuki ya kelele hutokana na maumivu sugu. Kupoteza usikivu ghafla, au kuumwa kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa, humtaka mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

Watoa huduma nao wajitazame. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilipendekeza wastani wa kelele wodini usiku usizidi desibeli 30, ilhali mazungumzo ya kawaida hufikia takriban 60. Bawaba zikitiwa mafuta, sinia za chuma zikiwekwa taratibu na simu za wahudumu zikizimwa milio, gharama ni ndogo. Kliniki nako, swali moja latosha kuanzia: "Mama, kelele za nyumbani unazionaje siku hizi?" Jibu liandikwe, na mume au mwana aliyemsindikiza aelezwe papo hapo kwamba ukali ule una chanzo mwilini.