Seftriaksone: musiipige ng'ombe ovyo



Memba mmoja wa kooperative alinionyesha flakoni ya seftriaksone aliyonunua ku soko, apige ng'ombe wake mwenye kuvimba kiwele. Nilimukataza. Tuone sababu.

Seftriaksone iko ya jamaa ya antibiotike zinazoitwa sefalosporine. Mwanzo wao ni kuvu aliyoipata Giuseppe Brotzu kule Sardinia, Italia, mwaka 1945. Dawa hizi zinabomoa ukuta wa bakteria. Haziponyeshi malaria wala mafua, juu hayo hayaletwi na bakteria.

Ku hospitali, seftriaksone inaokoa mtoto mwenye meningiti ao nimonia kali. Tukiitumia ovyo ku ng'ombe, bakteria zinazobaki hai zinaizoea. Zinaweza kupita ku watu kwa mikono, mbolea ao maziwa mabichi. Halafu mtoto akigonjwa, sindano haitamusaidia.

Basi tushike haya:

1. Musipige nyama dawa ya watu. Muite veterinere.
2. Akiandika siku za dawa, muzimalize, hata kama ng'ombe anaonekana amepona.
3. Maziwa ya siku za dawa, pamoja na siku za kungoja atakazosema, musiuze wala musinywe. Kuchemsha hakuondoe dawa yote. Tena dawa hiyo inaua bakteria nzuri za fromaji.
4. Kabla ya kukamua, munawe mikono, muoshe chuchu, mupanguse kwa kitambaa safi.

Kiwele kisafi kinapunguza gharama ya sindano.