Kikosi Kinachotegemea Karata Moja: Somo la Uwezekano

Wakati wa alasiri, katika baraza za maduka ya Bukoba mjini na katika senta za Muleba kama vile Kamachumu na Muhutwe, si ajabu kuwakuta watu wanne wamekaa wakicheza karata. Majina wanayoyataja, yaani kopa, uru, shupaza na pau, yaliingia katika Kiswahili kutoka kwa Wareno waliofika pwani yetu, nayo yamesafiri mpaka Ziwa Viktoria bila kupotea. Pembeni yao huenda yupo kijana aliyeinamia simu. Naye pia anacheza karata, ila zake hazina kopa wala shupaza. Kila moja ina picha ya shujaa, namba mbili, na maneno machache yanayoeleza uwezo wake.

Tofauti iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika karata za barazani wachezaji wote hugawiwa kutoka katika karata zile zile, na hakuna aliyezichagua. Katika mchezo wa simu kila mchezaji huingia na kikosi alichokiunda mwenyewe kabla ya mchezo kuanza. Hapo ndipo hisabati inapoingia. Je, inafaa kukusanya karata ambazo zote hupata nguvu kutokana na uwezo wa karata moja, au karata ambazo kila moja hujitegemea? Vijana wengi hulijibu swali hili kwa kukumbuka siku moja waliyoshinda kwa kishindo. Sisi tutalijibu kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kuifuata, na kwa jaribio lisilohitaji simu wala umeme.

Mchezo wenyewe

Tuchukue mchezo uitwao Marvel Snap, uliotolewa Oktoba 2022 na kampuni ya Second Dinner ya Marekani. Kikosi kina karata 12, na hairuhusiwi kurudia karata. Kompyuta huzichanga, humpa mchezaji karata 3 za kuanzia, kisha humwongezea 1 katika kila zamu. Kwa kawaida zamu ni 6. Kwa hiyo mpaka mwisho wa mchezo ameona karata 9, na 3 zimebaki zimefunikwa. Karata huwekwa katika maeneo 3, na anayezidi kwa nguvu katika maeneo 2 ndiye mshindi. Kila karata ina bei, nayo hulipwa kwa nishati: zamu ya kwanza mchezaji hupewa 1, ya pili 2, na kuendelea hivyo hadi 6.

Baadhi ya karata hizo zina uwezo unaodumu kwa muda wote zinapokuwa mezani. Miongoni mwa karata za mwanzo ilikuwamo Spectrum, ambayo bei yake ilikuwa 6, na ambayo ikifunuliwa iliongeza nguvu 2 kwa kila karata ya mwenyewe iliyo na uwezo wa kudumu. Aliyekuwa na karata 5 za namna hiyo mezani alipata nguvu 10 kwa mkupuo mmoja. Ni rahisi kuelewa kwa nini wachezaji walivutwa kuunda kikosi kizima kumzunguka kiongozi huyu.

Lakini ikiwa kiongozi yumo ndani ya zile 3 zilizofunikwa, kikosi kitafanya nini?

Jaribio la darasani

Mwalimu achukue karata zote 13 za kopa, aiondoe moja, zibaki 12. Ree ya kopa ndiye kiongozi. 11 zilizosalia ni wafuasi. Kanuni zetu ni nyepesi kuliko za simu, na tumezifanya hivyo kwa makusudi. Tuviite vikosi viwili A na B. Katika kikosi A kila mfuasi ana pointi 2. Kiongozi akiwepo mkononi, kila mfuasi huwa na pointi 4, na kiongozi mwenyewe hana pointi. Katika kikosi B hakuna kiongozi: kila karata kati ya 12 ina pointi 3, daima.

Karata zikichangwa vizuri, ree inaweza kuwa katika nafasi yoyote kati ya 12, na nafasi zote ni sawa. Tukifunua karata 9, uwezekano wa kuipata ni 9/12, yaani 3/4. Ikipatikana, pana wafuasi 8 wenye pointi 4 kila mmoja, jumla 32. Isipopatikana, pana wafuasi 9 wenye pointi 2, jumla 18. Wastani unaotarajiwa ni

3/4 × 32 + 1/4 × 18 = 28.5

Kikosi B hupata 9 × 3 = 27. Kikosi A kimetangulia, ingawa si kwa mbali kama ile 32 inavyomfanya mtu aamini.

Sasa tufunue karata 6 tu, kama vile mchezo ungekatishwa baada ya zamu ya tatu. Uwezekano wa ree ni 1/2. Ikiwepo tunapata 5 × 4 = 20; isipokuwepo, 6 × 2 = 12. Wastani ni 16, na kikosi B kina 18. Hatukubadilisha karata hata moja. Tumebadilisha muda tu, na hukumu imegeuka.

Mwanafunzi aliyezoea aljebra aandike n badala ya idadi ya karata zilizofunuliwa. Wastani wa kikosi A ni n/12 × 4(n − 1) + (12 − n)/12 × 2n, na baada ya kurahisisha ni n(n + 10)/6. Wa kikosi B ni 3n. Viwili hivi hulingana pale n + 10 = 18, yaani n = 8. Chini ya karata 8 kujitegemea kuna faida. Juu ya 8, kiongozi anastahili kikosi chake.

Hapa pana mtego ambao walimu wasiupite haraka. Tuchukue n = 7. Wastani wa kikosi A ni 7 × 17/6, karibu 19.8, na wa B ni 21. B ni bora, sivyo? Lakini tazama tena: kiongozi akija, A hupata 24 na kumshinda B, na kiongozi huja mara 7 katika kila 12, yaani zaidi ya nusu. Kikosi chenye wastani mdogo hushinda michezo mingi zaidi! Sababu ni kwamba A akishindwa hushindwa vibaya, kwa 14 dhidi ya 21, na akishinda hushinda kwa pointi 3 tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kikosi gani kilicho bora, hapana budi kuuliza kwanza tunahesabu nini. Ikiwa kinachohesabiwa ni kushinda au kushindwa, tuchague A. Ikiwa pointi zinajumlishwa mchezo baada ya mchezo, tuchague B. Wanafunzi wengi watabisha, na waachwe wabishe mpaka wamekwisha kufunua karata.

Katika kufunua, darasa la wanafunzi 40 ligawanywe wawili wawili, na kila jozi irudie mara 10 kufunua karata 9. Hayo ni majaribio 200, na tungetarajia ree itokee mara 150 hivi. Jumla yoyote kati ya 138 na 162 isimshtue mtu. Ndivyo bahati inavyoyumba. Ikiwa ni 120, kosa huenda liko katika kuchanga. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa mara 7 hivi, kwa ile njia ya kugawa mafungu mawili na kuyapachanisha, ndipo zichanganyike vya kutosha. Mkono wa mwanafunzi mvivu haufiki huko. Ni afadhali kuzimwaga karata dawatini zikiwa zimefunikwa na kuzikoroga kwa viganja. Kwa kompyuta, njia inayotumika sana hutokana na ile iliyochapishwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938: kila nafasi hupewa karata iliyochaguliwa kwa kubahatisha kati ya zile zilizobaki.

Kiongozi wa pili

Dawa ya kwanza inayomjia mchezaji ni kuongeza kiongozi mwingine mwenye uwezo ule ule. Tuseme bibi wa kopa naye ni kiongozi, na wafuasi wamebaki 10. Kwa karata 6, uwezekano wa kuwakosa wote wawili ni 6/12 × 5/11 = 5/22. Wa kumpata angalau mmoja ni 17/22, au asilimia 77, badala ya 50. Faida ni kubwa, ila ina gharama: wakija wote wawili, mmoja hukaa bure na nafasi ya mfuasi imepotea. Wastani hupanda kutoka 16 hadi 17.3 tu, bado chini ya 18 ya kikosi B.

Hali huwa kinyume pale uwezo unapohitaji karata mbili zije pamoja. Kwa karata 9 uwezekano ni 9/12 × 8/11, yaani asilimia 55 hivi. Zikihitajika tatu, ni asilimia 38. Mipango mizuri mno ya vijana huanguka hapa.

Kisha yupo mpinzani. Katika mchezo tulioutaja, karata iitwayo Enchantress ilitolewa ikiwa na nguvu ya kufuta uwezo wa kudumu wa karata zote zilizo katika eneo moja. Mbele ya karata kama hiyo, wafuasi walioongezwa hawasaidii. Wote hunyamazishwa kwa sababu moja. Anayetegemea uwezo mmoja hulazimika walau kuutawanya katika maeneo yote 3.

Kibanja na mnyauko

Jambo hili la sababu moja kuangusha wote linajulikana Kagera bila karata. Kibanja cha Wahaya ni kikosi kilichoundwa kuzunguka mgomba. Kahawa hukua kivulini mwake, maharage hupandwa kati ya mashina, samadi ya ng'ombe huishia hapo, na ndizi ndicho chakula cha kila siku. Kwa muda mrefu kiongozi huyu hakukosekana, na kikosi kilikuwa na nguvu kwa sababu hiyo.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, ambao wengi huuita mnyauko unyanjano, uligunduliwa Muleba, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Bakteria hao huchukuliwa na wadudu wanaotembelea ua la dume lililo mwishoni mwa mkungu, na pia na panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa. Majani hunyauka na kugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Mkulima aliyekuwa na aina tano za ndizi alidhani ana viongozi watano. Kwa ugonjwa huu alikuwa na mmoja, maana aina zinazolimwa zote hushambuliwa. Hesabu yetu ya 17/22 inafaa tu pale ambapo kukosekana kwa kiongozi mmoja hakuvuti kukosekana kwa mwingine. Mihogo au viazi vitamu haviugui ugonjwa huo. Hivyo ndivyo vinavyohesabiwa kuwa kiongozi wa pili.

Wala familia haihesabu ushindi. Huhesabu chakula, mwezi baada ya mwezi, na mwezi wa pointi 14 haulipwi na mwezi wa 24.

Mazoezi

Tuseme kiongozi wa kikosi A anampa kila mfuasi pointi 5 badala ya 4. Tafuta idadi ya karata ambapo A hulingana na B, kisha ueleze jibu lisilo namba kamili lina maana gani kwa mchezaji. Rudia jaribio la viongozi wawili kwa karata 9, na ulinganishe wastani wa darasa na 29.2. Wenye hamu waongeze kiongozi wa tatu na kutafuta uwezekano wa kuwakosa wote kwa karata 6. Wakipata 1/11, hawakukosea.