Kuchapisha si Kutangaza: Ripoti Mbili Kuhusu Ufadhili wa Makerere

Utangulizi

Mwanafunzi wa Muthara hahitaji leo kwenda mbali kutafuta chuo kikuu. Huko Nchiru, papo hapo Tigania, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoanza mwaka 1983 kikiwa chuo cha teknolojia na kupata hati yake mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Embu nacho kilipata hati mwaka 2016. Katika miaka ya 1930, kijana wa Meru au Embu aliyetamani elimu ya juu ndani ya Afrika Mashariki alitazama Makerere, Uganda. Makala hii inanuia kuonyesha jinsi uamuzi wa kuificha au kuitoa ripoti ulivyogusa ufadhili wa chuo hicho.

Ripoti ya siri

Mwaka 1933, kamati ndogo ya washauri wa elimu wa Wizara ya Makoloni ya Uingereza, ikiongozwa na James Currie, ilipendekeza kwamba vyuo kadhaa vya Afrika, Makerere kikiwamo, viendelezwe hadi kufikia kiwango cha chuo kikuu. Kamati ilionya kwamba Waafrika wakinyimwa elimu hiyo kwao, wataifuata ng'ambo. Ripoti haikutolewa hadharani. Ilipelekwa kwa magavana kwa siri ili watoe maoni. Pendekezo lisilojulikana halina mdai, na serikali inaweza kulichelewesha bila kuulizwa na mtu.

Ripoti ya wazi

Mwaka 1937 tume nyingine ilizuru Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake, De La Warr, alikuwa naibu waziri katika wizara hiyo hiyo, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika, Z. K. Matthews wa Afrika Kusini. Ripoti yao ilichapishwa mwaka huo huo. Ilitaka Makerere ijengwe iwe chuo cha juu cha eneo zima na ipate mfuko wa pauni 500,000. Baada ya kiasi hicho kutajwa mbele ya umma, kila serikali ilipaswa kusema itatoa ngapi. Uganda ilitoa pauni 250,000, Uingereza 100,000, Tanganyika 100,000 na Kenya 50,000. Jiwe la msingi la jengo kuu liliwekwa Novemba 1938, na mwaka 1949 Makerere ikaingia katika uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Miongoni mwa waliosoma Makerere ni Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958.

Upungufu wa uwazi huo

Hata hivyo, tusiusifu uwazi huo kupita kiasi. Mlipa kodi ya kibanda wa Tigania alichangia hazina ya Kenya, lakini ripoti iliandikwa kwa Kiingereza. Hakuwa na njia ya kujua kwamba fungu la Kenya lilikuwa dogo kuliko yote, wala ya kuuliza kwa nini. Hapa ndipo tunapotofautisha vitenzi viwili: kuchapisha ni kuitoa ripoti kwa maandishi, kutangaza ni kuifikisha kwa yule inayemhusu, kwa lugha anayoielewa.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inaitaka Serikali ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2023 ulizua mabishano makali, na mzazi wa Muthara ana haki ya kuyafuata. Wanafunzi wa Kiswahili tunayo kazi ya kufanya hapo: kutafsiri, kufupisha na kufafanua nyaraka za fedha za elimu. Asiyejua kilichoahidiwa hawezi kudai.

Maswali ya mjadala

1. Ni nani hunufaika ripoti ya serikali inapobaki siri?
2. Teua ripoti moja ya elimu, kisha uieleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja.