Gari Likigongwa na Treni, Nani Hulipa?

Novemba 2023, wilayani Manyoni mkoani Singida, basi la abiria liligongana na treni kwenye makutano ya reli na barabara na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Ajali za namna hii huacha maswali yale yale misibani na mahospitalini. Majibu yaliyomo humu yanahusu sheria za Tanzania Bara.

Ni kweli kwamba treni haina kosa hata siku moja?

Hapana, ingawa utayasikia hayo kwenye kila kijiwe cha bodaboda. Lililo kweli ni kwamba treni ndiyo yenye haki ya kupita kwanza. Haiwezi kukwepa, na treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva wa daladala anayepenya geti likishuka, au anayeingia relini huku foleni ya mbele imesimama akabaki katikati, atapata shida kubwa kumlaumu mtu mwingine mahakamani.

Hata hivyo, haki ya kupita haimwondolei mwenye reli wajibu wa kuwa mwangalifu. Mahakama itataka kujua kama honi ilipigwa mapema, kama taa ya kichwa cha treni ilikuwa inawaka, kama mwendo ulikuwa ule unaoruhusiwa eneo hilo, na kama mlinzi wa geti alikuwa kazini. Alama ya msalaba ilikuwepo, au ilishang'olewa na wauza vyuma chakavu na hakuna aliyeirudisha?

Na kama dereva hakuiona treni kwa sababu ya vichaka au vibanda?

Swali hili liliwahi kuisumbua Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1927, katika kesi ya Goodman, mahakama hiyo ilisema dereva asiyeona vizuri anaweza kulazimika kusimama na kushuka akaangalie. Mwaka 1934 ikaja kesi ya Pokora, dereva wa lori mjini Springfield, Illinois, ambaye mabehewa yaliyoegeshwa yalimzuia kuona. Jaji Cardozo akasema kushuka kunaweza kuwa kazi bure, tena ya hatari: mpaka urudi kwenye usukani, treni uliyoikosa kwa macho imeshafika. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini kwa maoni yangu ndio wenye busara. Asiyeweza kuona anatakiwa aongeze tahadhari, na aliyeacha kichaka kikue mpaka kikaziba reli naye ana la kujibu.

Wa kujibu anaweza kuwa zaidi ya mmoja. Reli iko chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), au TAZARA kwa njia ya kwenda Zambia. Barabara kuu husimamiwa na TANROADS, za mijini na vijijini na TARURA. Usiandike barua ya madai kabla hujajua barabara ile ni ya nani.

Mimi nilikosea kidogo. Je, nimepoteza haki yote?

Hapana. Sheria inaruhusu lawama igawanywe, na fidia ipunguzwe kwa kiasi cha kosa lako. Tuseme hasara yako ni shilingi milioni 40 na mahakama imeona umechangia ajali kwa asilimia 60. Utalipwa milioni 16. Upande wa pili nao waweza kukudai: gari likiharibu kichwa cha treni au njia kwa uzembe wa dereva, mwenye gari anaweza kupelekwa mahakamani alipe.

Abiria ana nafuu zaidi. Aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma akisinzia hakuchangia chochote, hivyo anaweza kumdai mwenye gari, mwenye reli, au wote wawili. Bima ya lazima ya gari ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Dereva au konda aliyeajiriwa na kuumia kazini aulizie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Dereva akifungwa, fidia inakuja yenyewe?

Wengi hudanganyika hapa. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Hukumu yake inaweza kukusaidia kama ushahidi, lakini fidia kwa kawaida hudaiwa kwa bima au kwa kesi ya madai.

Nina muda gani?

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Usijiliwaze na miaka hiyo, kwa sababu ukiidai serikali au shirika lake kama TRC lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukimwacha nje, kesi inaweza kufutwa hata kama ushahidi wako ni mzuri.

Nianzie wapi?

Majeruhi apate fomu ya PF3 polisi. Dharura haingoji karatasi. Fomu hiyo ndugu anaweza kuifuatilia mtu akiwa wodini. Ombeni nakala ya ripoti ya ajali na ya mchoro wa eneo la tukio. Pigeni picha siku hiyo hiyo: kichaka, geti bovu, nguzo isiyo na alama. Wiki ikipita utakuta pamefyekwa na kupakwa rangi mpya. Chukueni namba za simu za mama ntilie na vijana wa bajaji waliokuwepo, maana hao ndio waliosikia honi au hawakuisikia. Kama kuna aliyefariki, familia iteue msimamizi wa mirathi na athibitishwe na mahakama mapema, kwa sababu mlipaji atauliza hati ya usimamizi.

Mtu akija msibani na bahasha na karatasi ya kusaini, soma mstari wa mwisho. Ukiwa na maneno kama "sitadai tena chochote", usisaini kabla hujamwonyesha mwanasheria. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aanzie kuulizia kwenye halmashauri yake.