Chura wa Kihansi na Maradhi ya Fangasi



Wanafunzi wetu wa darasa la hadithi wameshaipitia ile riwaya iliyomo kwa Abu Daud, ya tabibu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Pamoja na hayo, mvua zikianza hapa Kanazi tunawaona vijana wale wale wakiwapiga vyura mawe migombani. Basi mwaka huu tumeona tulete somo la chura mmoja wa nchini kwetu, ambaye wataalamu wa mabara mawili wamehangaika naye kwa zaidi ya miaka 20 ili asipotee duniani.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Ni mdogo, hafiki sentimita 3, ana rangi ya manjano, na ajabu yake ni kwamba hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote yalikuwa ekari chache tu, pale maporomoko yaliporusha manyunyu usiku na mchana. Kwingine hakuonekana.

Likajengwa bwawa la umeme. Nchi ilihitaji umeme, hilo hatulipingi, lakini kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa inapita kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mwaka huo huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Waliobaki wakaanza kuongezeka. Kisha mwaka 2003, katika muda mfupi, maelfu wakatoweka. Walipopimwa waliokufa alikutwa fangasi aitwaye kitridi. Wapo waliotaja pia dawa za wadudu zilizoshuka na maji ya mto, ila kitridi ndiye anayetajwa zaidi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu hayupo tena porini.

Msimfananishe na fangasi wa miguuni, anayewasha tu. Chura hunywa maji kwa ngozi, na sehemu ya hewa yake huipata kwa ngozi. Kitridi akiiharibu, chumvi za mwilini hupungua mpaka moyo ukasimama. Mbegu zake huogelea majini na husafiri katika tope la viatu. Watafiti walikadiria mwaka 2019 kwamba amechangia kupungua kwa aina zisizopungua 501 za vyura na jamaa zao duniani.

Wazazi wetu wataelewa haraka, kwa kuwa mnyauko wa migomba uliingia Kagera na kuenezwa kwa panga lile lile, kutoka shamba hadi shamba. Na mwaka 2023, Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini, tuliona kwa macho yetu maana ya ile hadithi ya tauni: aliye nje asiingie, aliye ndani asitoke. Wataalamu wa vyura nao hufuata njia hiyo hiyo. Viatu husafishwa kwa dawa, na wanyama wa mahali pamoja hawachanganywi ovyo na wa pengine.

Huko Marekani kazi haikuwa nyepesi. Vyura walikufa hadi wakabaki chini ya 100, katika bustani za Bronx na Toledo tu. Watunzaji wakajifunza mwanga unaowafaa na wadudu wa kuwalisha, wakazaana kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 wa kwanza wakaachiwa Kihansi, chini ya yale mabomba.

Kitridi ndiye anayebaki kuwa mtihani. Chura akiwa ndani ya chombo anaweza kuogeshwa dawa akapona. Korongo zima, pamoja na mawe yake, majani yake na vyura wa aina nyingine wanaoishi humo, haliwezi kuogeshwa.