Picha za Uwindaji katika Vyombo vya Udongo vya Misri ya Kale

Zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kujengwa kwa mapiramidi makubwa, wakazi wa Misri ya Juu, yaani sehemu ya kusini ya nchi hiyo, waliwazika wafu wao pamoja na vyombo vya udongo. Baadhi ya vyombo hivyo vilichorwa viboko, mamba, swala, mbwa na wawindaji. Kwa kuwa watu hao hawakuwa bado na maandishi, picha hizo zina thamani kubwa kwa wataalamu wa mambo ya kale. Lakini je, zinatueleza jinsi wachoraji wake walivyopata chakula chao?

Aina za vyombo

Katika miaka ya 1894 na 1895, Mwingereza Flinders Petrie aliongoza kazi ya kufukua makaburi zaidi ya 2,000 huko Naqada, magharibi ya mto Nile. Kwa kulinganisha maumbo na mapambo ya vyombo vya kila kaburi, aliweza kuvipanga kwa mfuatano, vya zamani zaidi vikitangulia.

Vyombo vyekundu vyenye picha nyeupe vilitengenezwa takriban kati ya mwaka 3900 na 3600 K.K. Vilifinyangwa kwa mikono, bila gurudumu, kwa udongo wa matope ya Nile. Udongo huo una madini ya chuma, na ndiyo sababu huwa mwekundu unapochomwa. Mfinyanzi alikisugua chombo mpaka kikang'aa, akakichora kwa rangi nyeupe. Baadaye, hadi karibu na mwaka 3300 K.K., vilienea vyombo vya udongo wenye chokaa, ambao ukichomwa hupata rangi ya mchanga. Hivyo vilichorwa kwa rangi nyekundu iliyokolea. Katika vyombo hivyo uwindaji ni nadra. Picha za mashua, swala na safu za ndege ndizo zilizo nyingi.

Mwindaji na mawindo

Bakuli moja la aina ya kwanza limehifadhiwa katika makumbusho ya Pushkin mjini Moscow. Ndani yake amechorwa mwindaji mwenye upinde mkononi, akiwashika mbwa wanne kwa kamba. Katika vyombo vingine kiboko anaonekana akiwa amechomwa kwa chusa. Mtu akizitazama picha hizi peke yake, anaweza kudhani kwamba watu hao waliishi kwa kuwinda.

Ushahidi wa mifupa

Hata hivyo, mifupa iliyofukuliwa katika makazi yao inaeleza habari nyingine. Iliyo mingi ni ya samaki, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe. Ya wanyama wa porini ni michache mno. Watu hao walikuwa wakulima, wafugaji na wavuvi. Basi mchoraji hakuwa akionyesha kitoweo cha kila siku, bali jambo lililokuwa na heshima ya pekee.

Ni jambo gani hilo? Jibu moja limepatikana Hierakonpolis, mji wa kale uliokuwa kusini ya Naqada. Katika makaburi ya wakuu wa mji huo walizikwa pia tembo, viboko, nyani, chui na wanyama wengine wa porini. Kumkamata mnyama wa namna hiyo kulihitaji watu wengi, zana na amri ya mtu mwenye uwezo. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huona kwamba uwindaji ulikuwa ishara ya mamlaka: anayemshinda kiboko, mnyama anayeharibu mashamba na kuzamisha mitumbwi, ndiye anayestahili kuwalinda watu. Fikra hiyo haikupotea. Baada ya Misri kuwa chini ya mfalme mmoja, karibu na mwaka 3100 K.K., mfalme Den wa ukoo wa kwanza wa kifalme alionyeshwa katika muhuri akimpiga kiboko kwa chusa.

Kwa hiyo mchunguzi wa mambo ya kale hana budi kuwa na hadhari. Picha humfahamisha mambo ambayo watu waliyatukuza. Ili ajue walichokula, yampasa achunguze pia mifupa iliyobaki katika majalala yao.